Msimamizi wa mirathi, hesabu iko wapi?

Migogoro mingi ya fedha za marehemu ninayoletewa ofisini haikuanza na wizi. Ilianza na mtu mwenye nia njema, aliyependekezwa na ndugu zake kwa sababu wanamwamini, akapokea fedha kutoka benki, akaziweka kwenye akaunti yake ya siku zote, akalipa hiki na kile, na baada ya miaka miwili akawa hawezi kueleza shilingi ipi ilikwenda wapi. Warithi nao, wengine kwa heshima, wengine kwa kuogopa kuonekana wana tamaa, hawakumuuliza mpaka mambo yakaharibika. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: wajibu mzito kuliko wote wa msimamizi wa mirathi ni kutoa hesabu. Uaminifu usio na maandishi hauwalindi yatima, na siku ya siku haumlindi hata msimamizi mwenyewe.

Ninazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar mirathi ya Waislamu ina njia yake, kupitia Mahakama za Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na inastahili safu yake. Kwa Bara, sheria mama ni Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352. Lakini mirathi nyingi za wananchi wa kawaida, zile zinazofuata mila au sheria ya Kiislamu, hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na huko msimamizi anabanwa na Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, pamoja na kanuni zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali namba 49 la mwaka 1971. Kuna aliyetajwa na marehemu mwenyewe katika wosia, ambaye naye lazima athibitishwe na mahakama, na kuna anayeteuliwa na mahakama pale pasipokuwa na wosia. Wameingia kwa milango tofauti, ila mbele ya fedha za marehemu wanabeba mzigo mmoja.

Mtu akifa, mali yake haiendi moja kwa moja kwa warithi. Mahakama ikishatoa hati, mali yote inashikwa na msimamizi kama mwakilishi wa kisheria wa marehemu. Yeye ndiye anayedai, yeye ndiye anayedaiwa, yeye ndiye anayesaini. Benki inamlipa yeye, mpangaji anampa yeye kodi. Anaweza hata kuuza. Katika uamuzi wa Mahakama ya Rufani uliochapishwa kwenye Ripoti za Sheria za Tanzania za mwaka 1994, majaji walisema msimamizi halazimiki kisheria kupata ridhaa ya warithi ndipo auze nyumba ya marehemu. Wateja wangu wakiusikia uamuzi huo hushtuka, na wengine hukasirika. Mimi naona una mantiki. Kama kila hatua ingehitaji saini ya kila mrithi, mmoja tu aliyenuna, au aliye Muscat asiyepokea simu, angeweza kuzuia deni la hospitali lisilipwe kwa miaka kumi. Sheria imempa msimamizi uhuru mpana wa kutenda ili kazi iende, kisha ikaufunga uhuru huo kwa kamba moja tu, nayo ni hesabu. Ukiikata kamba hiyo, unabaki na mtu mmoja mwenye mamlaka yote juu ya mali isiyo yake.

Kazi yenyewe ina mpangilio, na mpangilio huo haubadilishwi kwa hiari. Kwanza anakusanya: salio la benki, malimbikizo ya mshahara, kodi za nyumba, fedha walizokopeshwa watu. Pili analipa: madeni ya marehemu, kodi za serikali anazodaiwa, na gharama halisi za kuendesha mirathi. Kinachobaki ndicho anachogawa. Chini ya kifungu cha 107 cha Sura ya 352, ndani ya miezi 6 tangu apewe hati anatakiwa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni, na ndani ya mwaka 1 awasilishe hesabu inayoonyesha alichokusanya na alivyokitumia. Mahakama ya Mwanzo muda ni mfupi zaidi. Kanuni za 1971 zinampa miezi 4 kuleta orodha ya kweli ya mali na madeni kwa Fomu namba V, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Hesabu hufuata kwa Fomu namba VI, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Karatasi hizi mbili ndizo uti wa mgongo wa mirathi, na ndizo ninazozikosa mara nyingi zaidi ninapofungua jalada la mgogoro. Nakuta maombi, nakuta cheti cha kifo, nakuta muhtasari wa kikao cha ukoo wenye saini kumi na mbili, nakuta hati ya usimamizi. Baada ya hapo jalada ni tupu, na marehemu ana miaka minane kaburini.

Tuchukue mfano wa kubuni, tuutazame kwa karibu. Mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro amefariki, ameacha mjane na watoto watatu, wa mwisho ana miaka 9. Mdogo wake marehemu, ambaye watoto wanamwita baba mdogo, ameteuliwa kuwa msimamizi. Benki kuna Sh6,200,000. Mwajiri anadaiwa malimbikizo ya mshahara Sh1,150,000. Kwenye simu ya marehemu kuna Sh412,000. Kuna chumba cha biashara kinachopangishwa kwa Sh150,000 kwa mwezi, na mpaka hesabu inafungwa imepatikana kodi ya miezi 12, yaani Sh1,800,000. Jumla ya makusanyo ni Sh9,562,000. Upande wa matumizi, ada za mahakama, tangazo, nakala na nauli zimefika Sh385,000. Marehemu alikuwa amebakiza mkopo wa mshahara wa Sh3,000,000 katika benki ileile.

Hapo ndipo kazi ya msimamizi inapoanza kuonekana. Mikopo mingi ya wafanyakazi katika benki zetu huambatana na bima, na mkopaji hukatwa ada yake tangu siku ya kuchukua mkopo. Mkopaji akifa, bima ndiyo inayopaswa kumalizia deni. Msimamizi asiyeuliza ataiacha benki ikate Sh3,000,000 kwenye salio, na warithi watabakiwa na Sh6,177,000. Msimamizi anayeandika barua, akaambatanisha cheti cha kifo na kuomba nakala ya mkataba wa mkopo, anaweza kuwabakizia Sh9,177,000. Tofauti hiyo ni ada ya shule ya mtoto kwa miaka kadhaa. Sheria inamtaka akusanye mali kwa bidii inayostahili, na kuuliza habari za bima ni sehemu ya bidii hiyo. Akizembea, hakuiba chochote, lakini amewasababishia warithi hasara, na hasara iliyotokana na uzembe wa msimamizi inaweza kudaiwa kutoka mfukoni mwake.

Sasa tuseme baba mdogo huyu amezipokea fedha zote kwenye akaunti yake binafsi, ile inayoingia mshahara wake na inayokatwa marejesho ya mkopo wake. Mwezi wa pili analipa ada ya mtoto Sh900,000. Mwezi wa tatu anaezeka upya nyumba ya marehemu kwa Sh1,400,000, fundi hatoi risiti. Mwezi wa nne mwanawe mwenyewe analazwa, anachukua Sh600,000 akikusudia kuzirudisha. Kila kitu kina sababu ya kibinadamu. Lakini hakimu akiuliza, msimamizi anatoa taarifa ya akaunti yenye miamala mamia, fedha zake na za yatima zimo humo, na hawezi kuzitenganisha. Ile Sh600,000 ni matumizi binafsi ya mali ya wengine, iwe alirudisha au hakurudisha. Ile Sh1,400,000 inaweza kuwa ya haki kabisa, ila haina ushahidi. Hata ada ya mtoto ina swali lake: je, imetoka kwenye fungu la mtoto huyo, au warithi wote wameibeba? Isipoandikwa siku ileile ilipolipwa, itazua ugomvi siku ya kugawana.

Dawa yake ni rahisi, inahitaji nidhamu tu: akaunti tofauti, iliyofunguliwa kwa hati ya mahakama, kwa jina la msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani. Kila shilingi iingie humo, na kila shilingi itoke humo kwa njia inayoacha alama. Fundi asiye na risiti aandikiwe karatasi ya malipo, aweke jina, namba ya simu, kazi aliyofanya, kiasi na saini. Daftari la kawaida la shuleni linatosha kabisa kwa mirathi ya kiasi hiki: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, sababu, salio. Msimamizi mwenye daftari la namna hiyo huijaza Fomu VI jioni moja.

Kuna dhana ambazo nazisikia kila mara, na nyingine husemwa na watu wazima wenye elimu kubwa. Ya kwanza ni kwamba kikao cha ukoo ndicho kinachompa mtu madaraka. Kikao kinapendekeza, na ni desturi nzuri kwa sababu mahakama inapata kujua ndugu wanamkubali nani. Madaraka hutoka mahakamani. Kabla hati haijatolewa, mtu aliyeteuliwa na ukoo mzima kwa makofi na dua hana haki ya kuchukua kodi ya mpangaji wala kuuza mbuzi mmoja wa marehemu. Na akishateuliwa na mahakama, ukoo hauwezi kumvua kwa kikao kingine Jumapili inayofuata. Anayetaka aondolewe aende mahakama ileile iliyomteua.

Dhana ya pili inahusu kadi ya benki na namba ya siri ya simu. Usiku wa msiba, kijana anayejua namba ya siri ya baba anatoa fedha zote kwa wakala ili zinunue mchele na jeneza. Sheria inamtazama kwa upole anayetumia mali ya marehemu kumzika au kuiokoa isiharibike. Haimtazami hivyo anayeendelea kuchota wiki ya pili na ya tatu. Tarehe ya kifo imo kwenye cheti, tarehe ya kila muamala imo kwenye taarifa ya benki au ya kampuni ya simu, na kulinganisha karatasi hizo mbili huchukua dakika chache. Aliyechukua atatakiwa kuzieleza, na msimamizi akiteuliwa ana wajibu wa kumdai, hata kama ni mtoto wa kwanza wa marehemu. Fedha zilizotumika msibani ziandikwe tangu siku hiyo, na zibaki kwenye maandishi hata kama kila mtu msibani anajua zilikokwenda.

Hapo pana suala la rambirambi, na wengi hulichanganya. Michango ya msiba haikuwa mali ya marehemu, imetolewa baada ya kufa kwake kwa ajili ya kuwasitiri wafiwa. Haiingii kwenye orodha ya mirathi. Lakini msimamizi anayedai mirathi imrudishie gharama za mazishi hawezi kuificha. Katika mfano wetu, kama mazishi yaligharimu Sh2,700,000 na daftari la rambirambi linaonyesha Sh3,350,000, mazishi yalishalipwa na majirani, wafanyakazi wenzake na waumini wa msikiti au kanisa lake. Kuyaandika tena kwenye Fomu VI kama deni la mirathi ni kuwalipisha yatima mara ya pili. Ndiyo maana huwa naomba daftari la rambirambi mapema kabisa, na ninavyoona, mweka hazina wa kamati ya msiba akabidhi nakala yake kwa msimamizi kabla ya arobaini.

Tatu, jina lililoandikwa benki kama ndugu wa karibu. Mtu huja na fomu ya marehemu mkononi, jina lake limo, anadai salio lote ni lake. Fomu ile humsaidia mfanyakazi wa benki kujua ampigie nani simu. Haigawi mirathi. Salio la marehemu hulipwa kwa mwenye hati ya mahakama. Mafao ya mifuko ya hifadhi ya jamii ni suala jingine: PSSSF na NSSF zina sheria zake zinazotaja wategemezi wanaostahili, mjane au mgane na watoto wakiwa mbele, na pensheni ya wategemezi ni haki yao wao wenyewe. Msimamizi asiikusanye akaichanganya na salio la benki kisha akaigawia ndugu wa marehemu. Bima ya maisha iliyotajwa mnufaika nayo ina masharti ya mkataba wake. Ushauri wangu ni msimamizi aandike barua kwa kila mfuko na kila kampuni ya bima, aulize kwa maandishi fedha hizo zinalipwa kwa nani na kwa msingi gani, na jibu alitunze kwenye jalada.

Kuhusu madeni, makosa yako pande mbili. Wapo warithi wanaodhani deni la baba limewaangukia wao, wanauza vyao kulilipa. Deni la marehemu hulipwa na mali ya marehemu, na mali hiyo ikiisha, mdai hana cha kuchukua kwa mtoto ambaye hakumdhamini. Wapo pia wasimamizi wanaogawa kwanza, wakaanza kushughulika na wadai baadaye. Huyu anajiweka pabaya, maana mdai mwenye haki anaweza kumfuata yeye aliyegawa kabla ya kulipa. Makaburini tumezoea kusikia tangazo kwamba mwenye kumdai marehemu amwone fulani. Ni desturi ya heshima, na kwa Waislamu ina uzito wa kidini, kwa kuwa deni hutangulia wosia na hutangulia mafungu ya warithi. Ila tangazo hilo halimgeuzi kila anayejitokeza kuwa mdai. Msimamizi adai uthibitisho: hati ya kukopeshana, muamala wa simu, shahidi asiye na maslahi. Akilipa deni la maneno matupu la rafiki yake, warithi wana haki ya kulikataa kwenye hesabu.

Mali ya mjane nayo si mali ya marehemu. Naandika hivi kwa uchungu, kwa sababu nimeona biashara ya duka iliyoanzishwa na mke kwa mtaji wa kikundi cha VICOBA ikiorodheshwa kama mali ya mume kwa kuwa tu leseni ilikuwa na jina lake. Kabla ya kuandika orodha, msimamizi mwenye akili hukaa na mjane, akatenganisha kilicho chake, kilichochumwa pamoja, na kilichokuwa cha marehemu peke yake. Ndugu wa mume hawapendi hatua hii. Wifi mmoja atauliza kwa nini mjane anahojiwa kama mwenye mali. Anahojiwa kwa sababu orodha isiyo ya kweli, iwe imeficha mali au imejazwa ya mtu mwingine, ni moja ya sababu za kufutiwa hati, na anayeiapa akijua si ya kweli anajiingiza kwenye jinai.

Fungu la mtoto mdogo ndilo linalopotea kirahisi kuliko yote, kwa kuwa mwenyewe hawezi kudai. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinakataza mtu kumnyima mtoto manufaa yanayofaa kutoka katika mali ya mzazi wake. Mtoto wa miaka 9 katika mfano wetu hapewi fedha mkononi, na wala fungu lake halikabidhiwi tu kwa mtu anayeishi naye bila masharti. Liwekwe kwenye akaunti ya jina lake, pawe na utaratibu ulioandikwa wa ada, matibabu na matumizi, na hakimu auone. Pale familia isipoaminiana, kuna Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye ofisi yake iko chini ya RITA, na kazi yake mojawapo ni kusimamia na kutunza mali za aina hii. Watu wengi wanaijua RITA kwa vyeti vya kuzaliwa tu.

Nani apate kiasi gani, hilo linategemea sheria inayotumika kwa marehemu: mafungu ya Kiislamu, mila, au sheria ya jumla. Kuna mengi ya kulaumu hapo, hasa kanuni za urithi za kimila za mwaka 1963 zinavyowatendea wajane na mabinti. Lakini wajibu wa hesabu haubadiliki kwa dini wala kabila. Msimamizi anayegawa kwa faraidhi anatoa Fomu VI ileile anayoitoa anayegawa kwa mila za Kisukuma.

Mrithi afanye nini akiona kimya? Aanze kwa adabu, nyumbani. "Shikamoo baba mdogo. Tunaomba utuonyeshe hesabu ilipofikia." Hapo hakuna utovu wa nidhamu, na msimamizi anayejibu kwa hasira anajiharibia mwenyewe. Asipopata jibu, aende kwa karani wa mahakama iliyotoa hati, aulize jalada la shauri, aone kama Fomu V na VI zimewasilishwa. Kama hazimo na muda umepita, aandike barua au maombi msimamizi aitwe aeleze. Sura ya 352, kifungu cha 49, inaruhusu hati kufutwa pale msimamizi alipoacha kwa makusudi na bila sababu ya msingi kuwasilisha orodha au hesabu, au alipowasilisha ya uongo katika jambo kubwa. Kanuni za Mahakama ya Mwanzo nazo zinaruhusu aondolewe anayetenda kwa makusudi au kwa uzembe dhidi ya maslahi ya wadai na warithi.

Nasisitiza wakati. Katika rufaa ya madai namba 71 ya mwaka 2012, Mahakama ya Rufani iliona kwamba msimamizi aliyekwisha kuwasilisha orodha na hesabu amemaliza kazi yake, na hapakuwa tena na usimamizi wa kufutwa. Kwa hiyo mrithi mwenye pingamizi alilete pale hesabu inapowasilishwa, kabla jalada halijafungwa. Akichelewa hakosi kila njia, lakini ile iliyo fupi na nafuu inakuwa imefungwa.

Mahakama nazo zina deni. Tarehe ya mwisho ya hesabu iandikwe kwenye hati yenyewe, na shauri lipangiwe siku ya kutajwa hata kama hakuna aliyelalamika, warithi wakiitwa kwa ujumbe wa simu. Tunaweza pia kujifunza kwa jirani. Kenya, chini ya Sheria yao ya Urithi, Sura ya 160, msimamizi haruhusiwi kugawa mali mpaka hati yake ithibitishwe, na wakati wa kuthibitisha lazima ionekane nani anapata nini. Mrithi analiona fungu lake kwa maandishi kabla fedha haijatoka. Kifungu cha 45 cha sheria hiyo kinamfanya anayejiingiza kwenye mali ya marehemu bila idhini kuwa mkosaji, faini hadi Sh10,000 za Kenya au kifungo kisichozidi mwaka 1. Faini imepitwa na wakati, lakini hatua ya uthibitisho ningependa kuiona katika kanuni zetu. Kwa wakati huu, warithi wanaweza kuiomba mahakama iteue wasimamizi 2 badala ya 1, mmoja upande wa mjane na mwingine upande wa ukoo, wote wakisaini kila fedha inapotoka benki. Kazi inakwenda polepole kidogo, na nimeona inavyopunguza maneno.

Na kwa wewe uliyeteuliwa miaka mingi iliyopita, ambaye umegawa fedha vizuri na hujawahi kuandika kitu, usisubiri mtu akushitaki. Omba benki taarifa ya akaunti kuanzia tarehe ya hati. Weka alama kila muamala uliohusu mirathi. Watafute waliopokea, wasaini kwamba walipokea, tarehe na kiasi. Penye pengo usilibuni jibu, liandike kama pengo, na kama ulitumia fedha hizo mwenyewe, zirudishe kwenye akaunti ya mirathi kabla hujaapa. Kisha peleka maombi mahakamani ya kuongezewa muda, ueleze kwa nini umechelewa, na uambatanishe hesabu uliyoiandaa. Mrithi akifa kabla hujafanya hivyo, saini yake utaidai kwa msimamizi wa mirathi yake.